Koo, Si Ukoo

Jumatatu, 3 mwezi wa sita 1957

Baridi! Jua la saa sita liko juu ya kichwa, Kasongo nzima wanajipepea, na mimi nimevaa koti la mvua la Raphaël juu ya vitenge viwili. Ernestine, muke wa huyo Raphaël mutoto wangu, amesema mbele ya wageni kwamba mama mukwe anafanana na mutu anayengoja kamyo ya mizigo. Nikamwambia anayengoja ni yeye – anangoja nife apate kiti changu. Akacheka. Huyu mutoto wa watu hana haya, ana meno tu.

Siafu wamerudi. Si siafu wa kuonekana. Wanaanza kwenye kidole gumba cha muguu, wanapita unyayo wote, wanapanda mpaka gotini, halafu wanawasha moto huko ndani na kuuota. Nimekung'uta shuka. Nimekung'uta mukeka. Hakuna mududu. Muguu unaungua, na ukiushika ni baridi kama wa maiti. Ugonjwa gani huu usiojua unataka nini!

Nimeharibu mukeka wa Padri. Nasuka, miaa inaponyoka, narudia, inaponyoka. Vidole ni kama vimevaa nguo nisiyoweza kuvua. Mukeka wangu mimi Marie-Thérèse watu wanaujua mpaka Kabambare: hata maji hayapiti. Huu wa leo anapita mbuzi.

Jumatano, 5 mwezi wa sita

Mama Abedi wa nyumba ya pili amekuja na vitumbua vyake kichwani. Hakuja kuuza. Alikuja kuangalia.

– Mama Rafaeli, nyusi zako zimekwenda wapi?

– Zimekwenda kutafuta haya yako.

– Na uso huu? Ulilala juu ya nyuki?

Akakaa bila kukaribishwa. Kwake yeye hili ni jini la maji, na jini hili halipendi mutu mubishi, ndiyo sababu limenichagua mimi katika mutaa wote. Dawa yake kuku mweupe, marashi, na mwalimu wa kusoma. Mwalimu mwenyewe ni kaka yake! Nimemwambia mimi ni mubatizwa tangu enzi za Padri mwenye ndevu nyekundu. Akasema jini haliulizi dini, linauliza kuku.

Nimekula kitumbua kimoja. Ulimi ukaungua kama nimelamba pilipili, na kitumbua kilikuwa cha sukari. Sauti nayo imenenepa. Nikisema "karibu", watu wanatafuta katekista iko wapi.

Jumamosi, 8 mwezi wa sita

Leo walitupanga wote nyuma ya disipanseri, nyumba ya dawa, kama maboga. Ni yule muzungu wa afya anayetembea mitaani, sisi tunamuita Bwana Haraka, kwa kuwa hana neno lingine. Anatafuta wenye ukoma. Pamoja naye Théophile, anfirmie wetu wa kutunza wagonjwa, kaputula nyeupe, kalamu sikioni, anatafsiri hata pale muzungu anapokohoa.

Nikakaa kwenye kigoda. Bwana Haraka akapiga magoti mbele ya miguu yangu – jambo hilo nililipenda. Théophile akasema nifunge macho. Nikafunga.

– Unasikia?

– Nasikia.

– Na sasa, unasikia?

Ah! Nikajua hii ni kazi ya Ernestine. Amewaambia kwamba mama mukwe amekuwa kiziwi, maana anasema hivyo kila siku kwenye kisima.

– Nasikia sana, bwana! Hata mambo unayomwambia Théophile chini-chini nayasikia.

– Na hapa?

– Nasikia! Uliza tena kama unataka!

Hakuuliza tena. "Haraka, haraka." Akanipiga chaki mukononi: mutu muzima. Nilipita mbele ya Ernestine nimeinua ule mukono kama bendera.

Alhamisi, 13 mwezi wa sita

Asubuhi nilikuwa jikoni nasimamia maji. Nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikamuita Ernestine kwa hasira: nyama gani hii unaunguza, na jana ulisema nyama imekwisha? Akaja. Akaniangalia usoni. Akaangalia chini. Akapiga kelele.

Ilikuwa muguu wangu. Nilikuwa nimesimama juu ya kaa la moto.

Sikusikia kitu. Hata kidogo. Nilishika harufu, na muguu wenyewe haukuwa na habari.

Ernestine alinipaka mafuta ya mawese. Halafu akauliza polepole, sauti ambayo haitumii na mimi:

– Mama, siku ile ya chaki – ile pamba uliisikia kweli?

– Pamba gani?

– Ile Bwana Haraka alikuwa anakugusa nayo kwenye miguu. Si ndiyo alikuwa anakuuliza, unaisikia?

Nimemwambia aende akatazame sufuria.

Ijumaa, 14 mwezi wa sita

Nimefunga mulango. Nimechukua unyoya wa kuku, nimefumba macho, nikajigusa. Mukono haukujua kama unagusa, muguu haukujua kama unaguswa. Kama watu wawili wamepishana njiani bila salamu.

Basi. Hivyo.

Jumapili, 16 mwezi wa sita

Baada ya Misa tukakaa kula. Bugali, sombe la majani ya muhogo, na samaki kidogo kutoka muto Lualaba. Nikanyoosha mukono kwenye sinia kama miaka yote. Ernestine akaniwekea sahani mbele yangu. Ya bati. Peke yangu.

– Ni nini hii?

– Ndiyo ustaarabu, mama, akasema Raphaël bila kuniangalia. Wazungu kila mutu na sahani yake.

Lazima niandike jambo hili lieleweke, maana hata mimi nikilisoma kesho sitaliamini. Raphaël ni karani wa kampuni ya pamba, na anatafuta ile karti ya watu waliostaarabika. Evoluwe! Ili kuipata, komisyo ya wazungu inakuja nyumbani kwako kukuchunguza: kama muke wako anakula mezani, kama una kitabu, kama unashika furusheti, ule uma wa kulia, bila kujichoma. Tangu Pasaka tunajifunza. Kuna kitambaa mezani ambacho hakuna ruhusa ya kukigusa. Kuna sabuni ya kunusa tu.

Lakini mimi nina macho. Nikaangalia: Raphaël, Ernestine, na mujukuu wangu Victorine, wote mikono ndani ya sinia moja. Basi ustaarabu umeanza na mimi, na kwangu umekomea.

Nilikula. Sikulia. Sombe lilikosa chumvi na nikasema hivyo.

Jumatano, 19 mwezi wa sita

Raphaël amekuja kukaa karibu nami. Si karibu sana.

– Mama, unachoka. Ningekupeleka Kabambare kwa mama mudogo Cécilia, upumzike.

– Mpaka lini?

– Mpaka upone.

– Au mpaka komisyo ipite?

Akasafisha miwani. Miwani ile haina dawa ya macho, ni vioo tu, alinunua kwa Mugiriki wa duka.

Nimemwambia Cécilia tulikuwa tunagombana tukiwa na meno ya utoto, sitaenda kumalizia ugomvi bila meno. Halafu nimemuuliza ana hofu gani. Nikamwambia alitaje lile neno. Akasimama, akasema ana kazi ofisini. Saa kumi na mbili ya jioni! Ofisi gani, ya popo?

Jumatatu, 24 mwezi wa sita

Théophile ameingia bila hodi. Ernestine amekwenda kumwambia mambo ya kaa la moto. Anasema alimwambia kwa wema. Na mimi nitamuonyesha wema.

Théophile akanizunguka, akaangalia nyusi, akaangalia masikio, akasema neno la Kifaransa refu kama barabara ya Lusangi. Nikamwambia aseme kwa Kiswahili kama mutoto aliyezaliwa na mama. Akasema uso umevimba, nyusi zimeanguka, miguu imekufa: mwenye dalili tatu hizo anajulikana. Jina langu amekwisha kumupa Bwana Haraka. Kamyo ya afya inapita kila baada ya miezi kadhaa, inachukua watu kwenda kijiji cha wakoma ng'ambo ya Lualaba. Lakini nina bahati, akasema, kwanza Daktari mukubwa anapita Jumamosi.

Bahati!

Namukumbuka Bulaimu muuza chumvi. Alipanda kamyo ile akiwa amevaa shati safi, alisema anarudi baada ya mavuno. Kabla vumbi halijatua, kaka zake walikuwa wanapima nyumba yake kwa hatua. Muke wake amekwisha kuolewa, ana mutoto mukubwa huko. Na Bulaimu iko muzima ng'ambo, analima pamba. Ukitaja jina lake watu wanasema "marehemu", halafu wanajirekebisha.

Siendi. Hapa nilijenga mimi na marehemu muzee wangu – marehemu wa kweli.

Ijumaa, 28 mwezi wa sita

Nimekula njama na Mama Abedi. Kesho watanifunga macho na kunigusa, na mimi niweke kidole pale nilipoguswa. Yeye atakaa dirishani mwa disipanseri na vitumbua vyake kama anauza. Nikiguswa muguu wa kulia, atakohoa mara moja. Wa kushoto, mara mbili.

– Na wakikugusa pua? akauliza.

– Pua bado iko yangu.

– Na mimi nitapata nini?

– Utapata jirani.

Akasema basi, hata jini lako nitalizoea.

Jumamosi, 29 mwezi wa sita

Mengi ya kuandika leo. Polepole, kalamu inateleza.

Mama Abedi amekuja na kikohozi cha kweli. Alikaanga vitumbua alfajiri na kuni mbichi, moshi ukamwingia. Alipofika dirishani alikuwa anakohoa kama kamyo inapanda kilima. Mimi nimefungwa kitambaa machoni – kidole kulia, kidole kushoto, kulia, kushoto, kulia! Nilitoka jasho, mimi ambaye sijatoka jasho tangu mwezi wa pili.

– Mama, akasema Daktari, mimi sijagusa bado.

Huyu Daktari anasema Kiswahili chake mwenyewe, cha puani, alikiokota Katanga kwenye migodi. Muzungu mwembamba, masikio makubwa. Hakukasirika. Aliondoa kitambaa, akaenda dirishani, akampa Mama Abedi maji ya kunywa. Hapo nikaona aibu, na mimi si mutu wa aibu.

Halafu hakutafuta madoa ya ukoma kama Théophile alivyotaka. Aliniambia nipige magoti juu ya kiti, akanipiga nyuma ya kisigino na nyundo ndogo. Muguu ukaruka vizuri, lakini kurudi! Ulirudi polepole kama karani uliyemwamsha. Akapiga tena. Akamwita Théophile aangalie. Wakaangalia muguu wangu unarudi kazini kwake bila haraka, Daktari anafurahi kama mutoto.

Akaanza maswali. Unasikia baridi? Bwana, nina koti la mvua na mvua hakuna. Sauti hii ni yako? Ni ya katekista. Choo? Hilo nilimwambia alete mwanamuke nimwambie mwanamuke. Akasema basi, amekwisha kuelewa. Toa ulimi. Nikatoa. Akasema ni laini kama jiwe la mutoni, na ndani ya macho yangu hakuna damu.

– Unakula nyama?

– Nyama ya nani?

– Maini? Mayai?

Nikamueleza, maana huyu mutu anaonekana hakulelewa: maini ni ya baba wa nyumba. Firigisi ya baba wa nyumba. Yai mwanamuke hali. Mimi nilimupa muzee wangu maini mpaka alipokufa, halafu nikamupa Raphaël. Daktari akashika kichwa.

Akaweka vidole vyake shingoni, akaniambia nimeze mate. Sisi wa Kabambare wengi tuna shingo nene, tunasema ni ya kubebea mizigo. Akasema hapo ndani kuna kitu kidogo, ndiyo jiko la mwili. Yangu imezimika.

– Koo yako iko nalala, mama. Mwili yote inapoa. Na damu yako inakosa vitamini. Mishipa iko na njaa. Njaa ya mishipa inauma kama moto, halafu inakufa ganzi.

Mambo mawili, akasema, koo lililolala na damu yenye njaa. Mara nyingi yanatembea pamoja. Si ukoma!

Nikamuuliza aseme tena, kwa sauti kubwa, dirisha liko wazi. Akasema tena. Mama Abedi akapiga vigelegele na kukohoa humohumo.

Vidonge vya koo – vinatoka kwenye koo la kondoo, watu hawa hawatupi kitu. Sindano kila juma. Na maini. Mimi nile maini!

Lakini akakata kidogo kwenye sikio langu na kisu chembamba, akaweka ile damu kwenye kioo. Itakwenda na ndege mbali kwenye laboratwari, wanakopima damu. Yeye ana hakika, akasema, ila sheria ya Bwana Haraka inataka sikio. Halafu akatoka mulangoni ambapo Raphaël na Ernestine walisimama, akawaambia maneno mawili na kuingia kwenye gari. Anakwenda Salamabila, kwenye dhahabu.

Jumatatu, 1 mwezi wa saba

Nilifikiri watafurahi. Nyumba imekuwa matanga.

Raphaël amekaa mbele ya kioo asubuhi yote. Anavuta nyusi zake, moja moja. Ernestine amemuita Victorine, amemufunga macho, anamugusa vidole na unyoya – wa kuku wangu! Na mutoto anacheka. Jioni amefika Musafiri, mudogo wa marehemu muzee wangu, kutoka mashambani, na baiskeli yake na hasira yake. Hakunisalimu. Akasema mbele yangu:

– Ugonjwa huu haukutoka kwetu. Sisi wote tumekufa wazima!

Nikauliza ugonjwa gani.

– Ule Daktari amesema mulangoni. Ugonjwa wa ukoo.

Ukoo! Yule muzungu na pua yake! Alisema koo, na wao wamesikia ukoo. Basi wamekaa siku mbili wanagawana babu zangu. Musafiri anasema ni wa Kabambare, upande wangu. Raphaël anasema wa baba, kwa sababu babu fulani alikuwa anavaa blanketi. Ernestine anataka kujua kama watoto wanaochukuliwa mapema na kupelekwa Lusangi kwa mama yake wanapona.

Ningewaambia neno moja tu. Herufi moja ya kuondoa.

Sikuwaambia. Nimeomba sahani yangu ya bati, nimekula vizuri.

Alhamisi, 4 mwezi wa saba

Sindano ya kwanza ilikuwa jana. Théophile ndiye anapiga. Dawa nyekundu! Nyekundu kama damu ya kuku. Mama Abedi alinisindikiza, akasema tangu ameolewa anasikia habari za wazungu wanaonyonya watu damu usiku, kumbe wanayo, wanaanza kurudisha. Théophile akasema hii si damu, ni vitamini. Mama Abedi akauliza vitamini alichinjwa na nani.

Na vile vidonge vya kondoo akavinusa. Anataka kujua kama walisema bismillahi. Nimemwambia mimi ndiye nameza, si yeye.

Jumamosi, 6 mwezi wa saba

Leo nimesema. Nimemkuta Ernestine nyuma ya nyumba anafunga nguo za Victorine kwenye kitambaa na machozi yanamwangukia juu ya mafundo. Mimi ninamufahamu anapolia ili aonekane. Leo haikuwa hivyo.

– Unaenda wapi?

– Mama, wewe umekwisha kuishi. Huyu bado.

Mutoto wa watu, mudomo kama wangu! Nikamkamata mukono, nikauweka hapa shingoni.

– Koo! Hili! Si ukoo, ni koo! Koo la kupitia bugali!

Akaniangalia. Akaishika shingo yangu vizuri, mikono yote miwili, nikafikiri sasa ananinyonga. Halafu akakaa chini, akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Akaniuliza nilijua tangu lini. Nikasema tangu Jumatatu. Akasema mimi ni mwanamuke mubaya sana. Ni kweli, na yeye iko njiani kunifikia.

Raphaël alipoambiwa alivua miwani. Alirudia: koo, koo, koo, kama njiwa. Halafu akauliza kama maini yamefika kutoka sokoni.

Yamefika. Ernestine ameyaweka mbele yangu. Raphaël aliyatazama kutoka jikoni mpaka mudomoni mwangu, safari nzima. Sasa najua kwa nini wanaume waliyaficha. Matamu!

Lakini sahani bado ni ile ya bati. Nimeona. Sikio halijajibu.

Jumatano, 17 mwezi wa saba

Inauma! Miguu yote miwili, kama wanaipiga na majani ya upupu. Jana usiku niliita watakatifu kwa majina yao na wengine nikawatukana. Asubuhi nikamwendea Théophile nimpige. Amesema Daktari aliacha neno: mishipa ikianza kula, itauma zaidi kabla ya kupoa. Kuuma ni kuamka.

Basi kuamka kunafanana sana na kufa, nimemwambia.

Koti la mvua nimelivua lakini.

Jumatatu, 22 mwezi wa saba

Bwana Haraka amepita. Jibu la sikio? Hakuna. Ndege haikuja, au ilikuja na bia. Nimemwambia Daktari mwenyewe amesema si ukoma, dirisha wazi, mashahidi wapo. Théophile akatafsiri, na mara hii alitafsiri vizuri, hata mikono alitumia.

Bwana Haraka akasema Daktari iko Salamabila. Mudomo wa Daktari pia uko Salamabila. Yeye anajua tu kwamba jina limeandikwa na sikio halijaliondoa. Kamyo inapita Jumamosi. Kama ni kosa, huko ng'ambo wataona ni kosa na nitarudishwa na kamyo inayofuata.

Bulaimu alisema baada ya mavuno.

Raphaël alikuwepo. Alisema "oui, monsieur", ndiyo bwana. Halafu, baada ya yule kuondoka, akapiga ukuta kwa ngumi. Ukuta ndio haukuwa na kosa.

Ijumaa, 26 mwezi wa saba

Na komisyo ni kesho hiyohiyo! Siku moja! Raphaël amepata habari ofisini. Nyumba inapigwa chokaa usiku huu, furusheti zinasuguliwa na majivu.

Amekuja kunisemesha. Maneno mazuri, sauti ndogo. Kesho nikae tu jikoni nyuma, na Mama Abedi atakuwa pamoja nami, na chai. Wazungu wakiona mama mwenye uso huu na miguu iliyofungwa vitambaa watauliza. Wakiuliza Bwana Haraka atawajibu. Raphaël akipata karti, mama, mutu mwenye karti anasikilizwa, ataweza kwenda kwa Musimamizi wa serikali kunidai.

– Kunidai kutoka wapi?

Hakuwa amefikiri hapo.

Mimi nimefikiri. Jikoni nyuma kuna mulango wa uani, na uani kuna njia ya gari. Mutu wa jikoni anachukuliwa kimya kama kuni. Ernestine alikuwa anakunja vitambaa vya meza. Amekunja kimoja zaidi. Nimehesabu viti, nimehesabu vitambaa.

Jumamosi, 27 mwezi wa saba

Asubuhi. Niko mezani. Sebuleni, kiti cha kuangalia mulango. Nimevaa kitenge cha Pasaka, miguu nimeiweka mbele, haina vitambaa. Mwenye macho aangalie. Nyusi – Mama Abedi alitaka kunichorea na masizi, nikamkatalia. Amejificha uani, analinda ile njia ya gari na beseni la mafuta ya moto. Anasema anakaanga vitumbua.

Kama wakinitoa, watanitoa mbele ya wazungu wa komisyo na furusheti zao, na lazima mutu aulize jina langu, na mimi nitamwambia, pamoja na koo, na kondoo, na kila kitu.

Miguu inauma vibaya. Iume. Leo nimekanyaga muchanga uani nikajua ni muchanga.

Raphaël ameingia na tai shingoni. Ameniona. Ernestine akapita katikati yetu, akaweka sahani ya udongo wa kizungu mbele yangu, ile ya maua, na furusheti upande wa kushoto. Akamwambia Raphaël: panga vitabu vyako.

Raphaël hajanitoa. Hajakaa.

Gari! Inakuja kutoka upande wa soko. Moja. Naandika hapa mezani, wino unagusa kitambaa chao, waache. Kwa sauti ni kubwa kidogo kwa gari ya mabwana, na ni ndogo kidogo kwa kamyo. Victorine amekimbia kuangalia, mama yake amemurudisha kwa nguo.

Imesimama. Mulango mumoja wa gari umepigwa – sasa wa pili. Raphaël amesimama katikati ya mulango wetu, uso barabarani, na mukono mumoja ameuweka nyuma ya mugongo, ananionyesha na vidole: kaa. Au: ondoka. Ishara ni ileile, na uso wake siuoni.

Mimi nimeisoma kaa.